Kusema na Kinu

Karibu mwaka mzima ulikuwa umepita tangu Telesphori atengwe, na muda wote huo hakuna mtu wa Itobanilo aliyemwambia hata "pole na jua". Ninyi wa mjini mtadhani kutengwa ni kuondolewa kwenye kundi la WhatsApp. Sivyo. Ukitengwa kwetu hupewi moto, huazimwi jembe, mashine haisagi mahindi yako, na ukimsalimia mtu njiani anatazama juu kama anayekadiria mvua. Anayekusemesha naye anatengwa. Na ukifa, wachimba kaburi utajitafutia mwenyewe.

Kosa lake lilikuwa moja na kila mtu alilijua. Wezi waliingia zizi la Donatus, mwano ukapigwa. Mwano ni lile yowe la kuitana, na ukipigwa, kila mwanamume mwenye miguu anatoka na fimbo yake anakimbilia unakotokea, awe amelala, awe anakula, awe amegombana na mwenye ng'ombe. Mgonjwa tu ndiye anayesamehewa. Telesphori, ambaye nyumba yake inapakana kabisa na lile zizi, hakutoka. Asubuhi sungusungu walipokwenda kumuuliza, akawajibu, "Kwani walikuwa ng'ombe wangu?"

Jibu gani hilo, jamani! Na zizi lenyewe la Donatus! Watu wawili waliochimba dhahabu pamoja kule Rwamgasa ujanani, wakishuka shimo moja kwa kamba moja na kulala chini ya turubai moja, leo mmoja anaibiwa maksai wake wote wa kulimia, mwenzake anauliza walikuwa wa nani. Magesa, mtemi wa sungusungu, akamtoza mchenya, yaani faini ya kijiji: ng'ombe dume mmoja, achinjwe aliwe na watu wote, na Telesphori asimame mbele yao aombe radhi. Dume alikuwa naye, mweupe, amenona mpaka anatembea kwa maringo. Telesphori akasema hatoi hata mkia. Basi wakamtenga, na yeye akajifunga ndani kwa kiburi chake.

Aliyeumia kuliko wote ni Apolonia, binti yake, mtoto pekee aliyebaki. Apolonia alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, ameolewa palepale kijijini na Mayala, mnunuzi wa mpunga anayepeleka mzigo Kahama. Alijifungua mtoto wa kiume baba yake akiwa ametengwa. Kwao jina la mzaliwa wa kwanza linatolewa na babu mzaa mama, na babu hawezi kulitoa bila mtu wa kumpelekea mtoto na kulipokea. Kwa hiyo mtoto alitimiza miezi miwili hana jina. Kadi ya kliniki iliandikwa "Mtoto wa Apolonia". Mama mkwe alikwisha kuleta majina yake mazuri tu, Apolonia akayakataa yote, mpaka mama mkwe akanuna. Alitaka kitu kimoja: baba yake ampakate huyu mtoto, amwite jina, kabla kile kikohozi anachokisikia kila alfajiri kutoka ng'ambo ya mashamba hakijamaliza kazi yake.

Na kwa nini asingekwenda tu? Wapo waliomuuliza hivyo, watu wa mbali. Angekwenda, angetengwa yeye na Mayala na huyo mtoto, na nani angemuuzia Mayala mpunga? Halafu mzee mwenyewe angemfungia mlango. Telesphori hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Apolonia alichoweza ni "kusahau" bakuli la ugali na mlenda pembeni ya njia ya kisimani, na kesho yake kulikuta tupu, limeoshwa. Akilirudisha nyumbani analia kidogo, halafu anakwenda kufundisha.

Ndipo wakaja wageni.

Walikuja wiki mbili, kutoka Amerika, wote wamevaa fulana za rangi ya machungwa zenye maandishi ya Kiswahili kifuani, NIMETUMWA, wanawake wakawa wanawauliza wametumwa nini, chumvi au mafuta ya taa. Mwenyeji wao alikuwa Mchungaji Pantaleo wa Kanisa la Neema. Kazi yao ilikuwa kuhubiri na kupaka rangi zahanati. Rangi waliyoikuta ukutani ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa ya kundi la mwaka jana, kwa hiyo waliikwangua kwanza.

Mchungaji alimchukua Apolonia awe mkalimani, ingawa ni Mkatoliki, kwa sababu mkalimani wa mwaka jana alikuwa anafupisha mno. Mgeni anasema mpaka anatoka jasho, yeye anageuka na kusema, "Anasema Mungu ni mwema." Apolonia alitafsiri kila neno, hata kikohozi nusura akitafsiri. Kiongozi wa wageni, dada mmoja aitwaye Kristi, alimpenda sana kwa hilo. Kristi alikuwa na moyo wa dhahabu na programu iliyochapwa, na vyote viwili alitembea navyo kutwa.

Katika kundi lile alikuwamo mzee mmoja mrefu, Harlan, ambaye kijiji kizima kilimwita Halani. Alikuwa mfugaji wa Nebraska, mahali ambapo kwa maelezo yake ng'ombe ni wengi kuliko watu. Itobanilo wakamheshimu papo hapo. Alisema maneno machache, akapaka rangi polepole, na muda wa mapumziko alikwenda kuegemea mazizi ya watu.

Sasa kwenye programu ya Kristi kulikuwa na siku za kutembelea nyumba kwa nyumba. Nyumba zote. Apolonia alipoona vidole vya Kristi vinaonyesha kule kwenye mti wa mlonge na paa la bati lenye kutu, kwa baba yake, aliwahi kumzuia.

"Ile hapana," alisema. "Ile ina shida."

"Kwenye nyumba zenye shida ndiko tulikotumwa," Kristi alisema.

Ikabidi kikao kikaliwe kwa mtemi Magesa. Magesa alikuwa mtu mnene, mtaratibu, asiyependa sheria iingiwe na mchanga. Aliwasikiliza wote, akatema mate pembeni, akafikiri.

"Mgeni hajatengwa na mtu wala hajatenga mtu," alisema. "Akitaka kwenda, aende."

"Na mimi?" Apolonia aliuliza.

"Wewe ni mwanakijiji. Ukimsemesha Telesphori, unajua."

"Sasa mtemi, nitatafsiri vipi bila kumsemesha?"

Magesa akanyamaza kwa muda mrefu, wazee wengine wakamsaidia kunyamaza. "Wewe sema na chochote utakachokikuta pale uani," alisema mwishoni. "Hatuwezi kumzuia mtu kusema na vyombo. Na masikio ya Telesphori hatukuyatoza faini."

Ndivyo walivyokwenda, Kristi mbele, Halani nyuma, Apolonia katikati na mtoto mgongoni. Telesphori alikuwa amekaa mlangoni kwake. Alikuwa amekonda, mabega yamepanda juu karibu na masikio. Alipomwona binti yake anaingia uani alishtuka, akafanya kama anayetaka kusimama, halafu akabaki palepale na kukunja uso.

Pale uani, karibu na jiko, kulikuwa na kinu cha marehemu mkewe. Apolonia alivuta kigoda, akakaa akakipa kinu uso, mgongo akampa baba yake. Kamguu ka mtoto kalikuwa kametokeza nje ya kanga. Telesphori akakaangalia kale kamguu, akaangalia chini, akakaangalia tena.

Kristi alisalimia, akamweleza kwa furaha walikotoka na waliyekuja kumhubiri. Apolonia alikiambia kinu yote. Alikiambia kwa heshima, akaanza na shikamoo.

"Marahaba," alisema Telesphori, naye akikitazama kinu. "Kinu hiki kimekua. Nilikiacha kidogo."

Apolonia akamgeukia Kristi, akatafsiri: "Anasema karibuni."

Ndiyo mara pekee aliyofupisha.

"Muulize," Kristi alisema, "kama angekufa leo, anajua angekwenda wapi?"

Apolonia akakigeukia kinu. "Mgeni anauliza, ukifa leo, unajua utakwenda wapi?"

"Kinu kimwambie sitakwenda popote. Hakuna wa kunichimbia."

Kristi aliinamisha kichwa, akamwombea. Aliomba vizuri, kwa machozi, na Telesphori, aliyebatizwa na mapadre wa Ushirombo hata kabla Kristi hajazaliwa, alifumba macho kwa adabu na mwishoni akaitikia amina. Njiani Kristi akauliza kwa nini Apolonia alikuwa anaongea na kile kigogo chenye shimo. Apolonia akasema ni desturi. Kristi akasema desturi za hapa zina kina sana.

 Wakati wa maombi Halani alikuwa ameegemea zizi, anamtazama yule dume mweupe kwa macho ya mtu aliyekutana na ndugu.

Kesho yake Halani akarudi kule peke yake, na kesho kutwa, akawa haonekani kwenye rangi. Watu waliopita mbali waliwaona wazee wawili wameegemea zizi, hawana lugha moja hata ya kuombea maji, mmoja ananyoosha kidole kwenye nundu, mwingine anatikisa kichwa. Telesphori alianza kunyoa ndevu. Ninyi fikirini tu: karibu mwaka mzima mtu anazungumza na ng'ombe, halafu anapata wa kuzungumza naye habari za ng'ombe.

Wiki ya pili Halani akamwomba Apolonia amsindikize. "Kuna jambo nataka kumuuliza, na vidole vyangu haviwezi," alisema. Wakafika, Apolonia akakaa mbele ya kinu, Halani akachuchumaa.

"Muulize anaweza kutembea mpaka wapi bila kupumzika."

Apolonia hakuelewa swali, lakini yeye ni mkalimani, akakiuliza kinu.  Uso wa Telesphori ukawa kama mlango uliofungwa kwa ndani.

"Ndugu yangu alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka," Halani akaendelea, taratibu. "Vumbi. Mwishoni alikuwa anapumua kwa mabega, hivihivi. Kutoka kitandani mpaka dirishani alikuwa anapumzika njiani. Mchungaji amenisimulia habari za wale wezi. Mwambie hakukimbia ile siku kwa sababu hawezi kukimbia. Hata kutembea kwa haraka hawezi. Nimemwona akienda kumnywesha maji huyu ng'ombe. Anasimama, anajifanya kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba."

Apolonia hakutafsiri. Alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza tangu kutengwa kule alimtazama baba yake machoni, akaona yote: miaka ya shimoni, vumbi la mawe, mabega yaliyopanda, na kile kikohozi alichokidhani ni cha uzee tu. Kumbe ile siku mzee alikuwa amekaa kitandani anasikia mwano, anasikia sauti ya Donatus ikiita, na pumzi haimtoshi kufika mlangoni! Na angesema neno moja tu, "naumwa", angesamehewa palepale, kusingekuwa na faini wala kutengwa. Badala yake akasema ng'ombe hawakuwa wake. Apolonia alimkasirikia kwelikweli.

Telesphori hakuhitaji tafsiri. Alikuwa ameuona uso wa binti yake.

"Kinu," alisema, sauti ya chini, "wewe ni kinu cha mama yako. Mimi nilikuwa nabeba mfuko wa mawe wa watu wawili. Donatus akichoka nilimbeba na yeye. Kijiji hiki kinanijua hivyo. Kinu kikipeleka habari kwa Magesa, nakipasua kuni."

Akaingia ndani, akajifungia. Walimsikia anakohoa.

Apolonia alirudi nyumbani akaugulia peke yake, hata Mayala hakumwambia. Neno moja kwa Magesa, na jioni hiyohiyo angeweza kumpeleka mtoto kwa babu yake. Na babu yake asingemsamehe mpaka anaingia kaburini, maana kijiji kizima kingekuja kumpa pole ya kuwa mzee asiye na kifua, na hicho ndicho alichokuwa anakikimbia bila miguu. Aseme, ampoteze kwa hasira. Asiseme, ampoteze kwa kikohozi. Alimpakata mtoto asiye na jina akamwambia, "Babu yako ni mjinga," akalia, akamnyonyesha.

Kristi aliona macho yake yamevimba, akamuuliza. Apolonia akamweleza habari za mwano, faini na kutengwa. Ya kifua hakuyagusa. Kristi alisikiliza mdomo wazi, halafu uso ukamng'aa mpaka Apolonia akaogopa.

"Kwa hiyo kuna faini," Kristi alisema, "na yeye hawezi kuilipa, na mtu mwingine akimlipia, anakuwa huru?"

"Sikusema hivyo."

"Lakini hiyo ndiyo Injili yenyewe!"

Ndugu zangu, kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumshika. Wageni walichanga, wakaenda mnada wa Runzewe kununua ng'ombe dume. Halani alipinga. Alisema mtu mwenye dume zizini hakupungukiwa na dume. Walipokataa kumsikia alikwenda nao, kwa sababu alijua wakiachwa wenyewe watauziwa ng'ombe mwenye safura. Alichagua mwekundu, mzuri, akamfikisha Itobanilo, halafu akaenda zake kwa Telesphori.

Watu waliitwa mbele ya ghala la pamba siku ya mwisho ya wageni, mchana. Wakaja wote, nani ataisusia nyama? Kristi akahutubia. Akasema kulikuwa na mtu aliyedaiwa, mlango umefungwa, na mwingine asiyedaiwa amekuja kumlipia. Apolonia akatafsiri kila neno. Mchungaji Pantaleo, ambaye alizaliwa hapahapa na alijua kinachokuja, alikuwa anatazama kucha zake.

Magesa akasimama, akavua kofia. "Wabeja sana," alisema. "Tunashukuru wageni kwa ng'ombe. Ng'ombe ni mzuri. Tutamla."

Watu wakashangilia. Ng'ombe akachinjwa, moto ukawashwa, masufuria yakapangwa. Kristi akawakumbatia akina mama mmoja mmoja, analia kwa furaha. Nyama ilipoanza kuiva akamwuliza Apolonia, "Tumwite lini Telesphori?"

Apolonia akamuuliza mtemi. Magesa akashangaa kweli kweli. "Amwite nani? Telesphori ametengwa."

"Lakini tumemlipia!" Kristi alisema.

"Hujamlipia. Umetulisha, na tumeshukuru. Mchenya unatoka kwenye zizi la aliyekosa, unakuja na mkono wake mwenyewe. Wewe umekosa nini?"

Apolonia alitafsiri. Kristi akasema lazima kuna namna. Magesa akasema namna ipo, ni yule dume mweupe. Kristi akakaa juu ya ndoo ya rangi, programu mkononi, akatulia kwa mara ya kwanza tangu aje nchini. Apolonia alimhurumia, lakini zaidi alijihurumia mwenyewe. Sasa ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Mzee akisikia kwamba amechangiwa na wazungu kama mtu asiye na kitu, hatatoka tena ndani ya nyumba ile.

Na alikuwa amekwisha kusikia. Hakuna aliyemwambia, sheria ni sheria. Ila watoto waliotumwa kuleta kuni walipita karibu na kwake wakiimba wimbo waliojitungia papo hapo, kwamba Telesphori kalipiwa, Telesphori hana hata mbuzi, na kuimba hakujakatazwa.

Kutoka kwa Telesphori mpaka ghalani ni shamba tupu la pamba iliyokwisha kung'olewa, limenyooka, hakuna hata kichaka. Mtu wa kwanza kuona alikuwa Donatus, sahani mkononi. "Nani yule?" aliuliza, watu wakageuka.

Telesphori alikuwa anakuja. Amevaa koti lake la harusi, ameshika kamba, na kwenye kamba yupo yule dume mweupe. Halani alikuwa nyuma yao mbali kidogo, mikono mfukoni, kama mtu aliyeombwa asiguse kitu.

"Hee! Analeta!" mama mmoja alisema. Vigelegele vikaanza.

Halafu Telesphori akasimama.

Vigelegele vikapungua. Watu wakadhani ng'ombe amegoma. Telesphori akaenda tena kidogo, akasimama tena, ameegemea ubavu wa ng'ombe, mabega yanapanda na kushuka. Ng'ombe akawa anamsubiri. Waliona wote. Walitazama kimya, nyama mikononi, mtu aliyekuwa anabeba mawe ya watu wawili akishindwa kuvuka shamba la pamba. Ilichukua muda, na kila aliposimama ghalani palizidi kuwa kimya, mpaka ikasikika sauti ya mafuta kwenye masufuria.

"Tangu lini?" Donatus aliuliza.  Aliuliza tena, kwa ukali, "Tangu lini yuko hivi?" na Apolonia akainamisha uso.

Kristi akamvuta mkono, akamuuliza kinachoendelea. Lakini Apolonia alikuwa amesimama. Mayala akamshika kanga. "Bado hajafika," alimnong'oneza. "Subiri akabidhi kwanza. Tutatengwa."

"Tutengwe," Apolonia alisema.

Akashuka shambani na mtoto mgongoni. Kijiji kizima kikamwona anavunja sheria mchana kweupe, na mtemi alikuwa palepale. Magesa akatoa leso, akajifuta macho kwa muda mrefu sana. "Vumbi la mwaka huu," alisema, "mtu haoni hata mbele yake." Wazee wakasema kweli, nao hawaoni.

Apolonia alimfikia baba yake katikati ya shamba. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka, na kifua kinapiga filimbi.

"Rudi ukakae," Telesphori alisema, akihema. "Wataniona."

"Wameshakuona, baba."

Alitazama kule ghalani, watu wote wamesimama.  Apolonia alidhani ataiachia kamba na kurudi nyumbani, na kama angerudi, basi.

"Donatus yupo?"

"Yupo. Amesimama."

Telesphori akajifuta uso na mkono wa koti. "Nipe huyo," alisema. "Wewe shika ng'ombe."

Apolonia akafungua kanga, akampa mtoto, akashika kamba. Telesphori akampakata, akaanza kutembea. Akasimama. Akafunua kanga usoni kwa mtoto, akamtazama kwa makini, huku anavuta pumzi, halafu akamfunika akaendelea. Mbele kidogo akafanya vilevile. Kule ghalani yule mama wa vigelegele akapaza sauti, "Mwoneni babu! Hata kufika hataki, anamtazama mjukuu tu!" Watu wakadakia kwa pamoja, ndiyo, ndivyo mababu walivyo, mtu mwenye mtoto mchanga atakimbia vipi? Walilisema kwa nguvu, ili alisikie.

Hapo Donatus akaweka sahani chini. Akachukua kigoda alichokuwa amekalia, akaingia nacho shambani, akawafuata. Hakusalimia. Aliweka kigoda kwenye njia, mbele ya Telesphori, akageuka kurudi bila neno, maana mchenya ulikuwa haujakabidhiwa.

Telesphori akakaa. Alikaa na mtoto mapajani, anatafuta pumzi, na alipoipata ya kutosha maneno machache alisema kwa sauti, si kwa Apolonia.

"Huyu anaitwa Donatus."

Donatus alikuwa amekwenda hatua chache tu. Akasimama. Hakugeuka, hakujibu, alibaki amewapa mgongo katikati ya shamba, mabega yanamtikisika, na hakuondoka pale mpaka Telesphori alipoweza kunyanyuka.